Masika ya Gari Juu ya Jeki

3 Machi, Jumanne

Mvua ya kwanza ya maana. Imenikuta nafunga kidonda cha Mzee Redio, ikapiga bati kwa kishindo mpaka akaacha kunisimulia taarifa ya habari, maana hatukusikilizana. Namwita Mzee Redio kwa sababu redio yake haizimwi, na yeye mwenyewe hazimiki. Kidonda chake cha kisukari, chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, kinatia moyo: nyama mpya, nyekundu, haina harufu. Nikiendelea kumwona siku moja ndiyo, moja hapana, masika yakiisha atavaa viatu.

Mkewe alitaka kunipa mwavuli. Nikamwambia nina gari.

5 Machi, Alhamisi

Nilikuwa na gari.

Njia ya nyuma ya shule ilijaa maji mazito ya rangi ya matofali. Nikaingia taratibu kama bibi harusi. Katikati nikasikia pa! chini ya miguu yangu, kisha mkwaruzo mrefu ulionipanda hadi kwenye meno. Zege la kufunikia mtaro lilikuwa limenyanyuliwa na maji, limesimama kwa ubavu, halionekani. Gari likasogea kidogo, kioo cha dashibodi kikaandika kwa wekundu kwamba nisimame mahali salama, likazima. Gari la umeme halifi kwa kelele. Linanuna tu.

Dereva wa lori la kuvuta magari alikuja baada ya saa tatu.

"Dada, hili linakunywa nini?"

"Umeme."

"Loo. Pole sana."

Aliisema ile pole ya msibani.

6 Machi, Ijumaa

Nimewazungukia wagonjwa watano majumbani kwao kwa pikipiki. Sanduku la dawa nimelipakata kama mtoto. Nimerudi nimelowa hadi kwenye wazo.

9 Machi, Jumatatu

Mkaguzi wa bima amekuja. Binti mdogo, ana buti za mpira na tochi. Nilitegemea mtu wa tai. Alitandika boksi uani, akalala chali, akaingia chini ya gari, mvua ikimnyeshea miguu. Akatoka na tope shavuni.

"Mfuniko wa chini wa betri umebonyea na una ufa, mama. Na mrija wa maji ya kupoza unavuja."

"Basi tubadilishe mfuniko na mrija."

"Mtengenezaji hauzi mfuniko peke yake. Anauza betri nzima."

"Kwa ajili ya bamba moja?"

"Kwa ajili ya bamba moja. Na betri nzima inakaribia bei ya gari. Kwa hiyo kampuni italiandika kuwa limekufa."

"Halijafa hili. Wiki iliyopita tulikuwa wote njiani."

Akacheka, halafu akaona aibu kucheka. "Limekufa kwenye hesabu, mama. Siyo kwenye barabara."

Akanieleza bila kunizungusha. Nikikubali, wanalichukua gari na kunilipa thamani yake ya leo. Kwa fedha hiyo sitapata jingine hata la kusukuma. Nikikataa, wanalipa kidogo, gari linabaki kwangu nitengeneze kwa spea za viwanda vingine, zile wasizozitambua. Hapo bima kubwa inaondoka, inabaki ndogo ya kumlipa niliyemgonga. Likishatengenezwa atalipima tena, na likifaulu ataandika ombi la kunirudishia kubwa. Hakuahidi. Nilimpenda kwa kutokuahidi.

"Nani anaweza kulifungua?"

"Kwa mji huu, wa betri ni mmoja tu. Wanamwita Volti. Unamfahamu?"

Nikasema nimewahi kumsikia.

Nimekaa naye nyumba moja miaka kumi na moja.

10 Machi, Jumanne

Niandike mara moja, nisirudie. Alikuwa mume wangu. Alikwenda ng'ambo kwenye kiwanda cha kuunda betri, miaka miwili tu, alisema, akirudi tufungue gereji yetu. Kila mwaka sauti yake kwenye simu: mwakani. Fedha zilikuja, ada ya binti yetu haikupungua hata siku moja, hilo simnyimi. Lakini mimi sikuolewa na ada. Mwaka wa saba nikaomba talaka, akatuma karatasi imesainiwa, hakuniuliza kwa nini. Mwaka juzi amerudi. Gereji yake iko nyuma ya kiwanda cha mbao, na tangu arudi mimi huzunguka kwa njia ya sokoni.

Wifi amekuja jioni. Ni dada yake. Ndoa ilikwisha, uwifi ukagoma kwisha. Anakuja kwangu kuazima sufuria na kuacha habari.

"Mpelekee gari lako, wifi. Unampelekea gari, hujipeleki wewe."

"Nimesema nini mimi?"

"Hujasema. Ndiyo maana nakujibu."

13 Machi, Ijumaa

Nimeikataa hesabu ya bima. Nimetia saini. Gari hili nililinunua mwenyewe baada ya talaka. Ndicho kitu cha kwanza nilichokichagua bila kumngoja mtu. Halifi kwa kalamu.

16 Machi, Jumatatu

Lori limelivuta hadi kwake. Nilikaa mbele na dereva, nikapaka mafuta midomo, nikayafuta, nikapaka tena.

Amekonda. Ana mvi juu ya masikio, zimekaa kama vumbi la randa. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta muda mrefu baada ya kutakata.

"Karibu."

"Asante. Nimeleta gari."

"Naona."

Basi. Miaka yote ile, na hayo ndiyo tuliyoyapata. Alichuchumaa, akapitisha kiganja chini ya sakafu ya gari polepole, kama mimi ninavyopapasa tumbo linalouma. Akaniambia mambo mawili: nisiguse nyaya za rangi ya machungwa, na nije kesho kutwa.

Sauti yake haijakonda.

18 Machi, Jumatano

Nimekwenda. Hajalifungua bado. Nimekaa kidogo.

19 Machi, Alhamisi

Mzee Redio: safi. Amenieleza hali ya hewa ya nchi nzima. "Kwako mvua, kwa wengine mvua zaidi."

24 Machi, Jumanne

Betri imeshushwa. Sikujua kama ni kubwa hivi: ni kama godoro la chuma, pana kama gari lenyewe. Gari lenyewe liko juu ya jeki nne, tupu tumboni.

Kabla ya kuligusa alichomoa plagi ya usalama akaitia mfukoni. "Ikiwa mfukoni mwangu," akasema, "hakuna mtu atakayewasha kwa bahati mbaya akaniua." Akavaa glavu nene za mpira, za juu hadi kwenye viwiko, na juu yake za ngozi. Mimi nimevaa glavu maisha yangu yote, lakini zangu humlinda mgonjwa na mimi. Sijawahi kumfungua mgonjwa anayeweza kuniua.

Ndani ni safu za visanduku, vimepangwa kama mikate. Kimoja pembeni kilikuwa na unyevu. Alikipima, akakipima tena, akanionyesha namba kwenye mita.

"Kinakufa?"

"Kimelowa. Kitakauka. Kibaya ni huu mfuniko. Nikiunyoosha tu, utapasuka kwenye shimo la kwanza. Mama Spea anaweza kuuagiza, wa kiwanda kingine. Siyo orijino, ila nimewahi kuufunga, ni bamba nene kuliko hata lao. Wiki tatu, labda nne."

"Wiki nne? Nina wagonjwa."

"Najua." Kisha akasema, akiwa ameinama: "Uliwahi kuwa na subira kuliko hivi."

Nikamwambia niliimaliza.

Akarudi kwenye mita yake. Lakini nilipoondoka alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akamwambia dereva apite barabara ya juu, chini kuna mashimo. Dereva akaniuliza, "Mzee ni nani wako?" Nikasema ni fundi wangu. Na mgongo ukaniwaka moto hadi nyumbani.

28 Machi, Jumamosi

Mvua. Pikipiki. Mvua.

1 Aprili, Jumatano

Nilipita gereji kuulizia mfuniko. Bado. Nilijua bado, maana nilishampigia Mama Spea asubuhi.

7 Aprili, Jumanne

Nimepita tena. Kiwanda cha mbao kilikuwa kimezimwa kwa sababu ya radi, kukawa kimya, na harufu ya mbao mbichi imejaa gereji nzima. Akatoa chai kwenye chupa. Akaweka sukari kijiko kimoja na nusu bila kuniuliza.

Akanisimulia kiwanda cha ng'ambo. Miaka ile yote hakuwahi kunisimulia, alikuwa akisema tu "kazi nzuri". Kumbe walikuwa wanalala wanane chumba kimoja kwa zamu, kitanda kinapokea mtu wa usiku kikiwa bado na joto la mtu wa mchana. Kumbe mwaka wa tatu aliungua mkono, hii alama niliyodhani ni ya juzi. Kumbe alinunua tiketi ya kurudi mara mbili akairudisha.

"Kwa nini uliirudisha?"

"Nilikuwa sijapata ya kutosha kufungua gereji. Niliona haya kurudi na mikono mitupu."

"Mimi nilikuwa naitaka hiyo mikono. Hata mitupu."

Nimelisema. Limetoka lenyewe. Alitazama vidole vyake kama mtu aliyeletewa kitu kwa anwani ya zamani. Kisha binti yetu akapiga simu kutoka chuoni, nikapokea palepale.

"Mama, uko wapi? Mbona sauti yako inacheka?"

"Niko gereji."

"Gereji ya nani?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

8 Aprili, Jumatano

Nimeota kitu cha kipuuzi, siandiki.

11 Aprili, Jumamosi

Mfuniko bado. Nitasema kweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: aliponiambia "bado", nilifurahi.

14 Aprili, Jumanne

Anasema bado. Ameniazima koti lake la mvua. Lina harufu ya sabuni ya unga na nyaya zilizopashwa moto. Nimelitundika nyuma ya mlango badala ya sebuleni, Wifi asilione. Ameliona.

"Wifi, mbona mlango wako umevaa koti la kaka yangu?"

16 Aprili, Alhamisi

Mto umepanda. Njia ya chini kwenda kwa Mzee Redio imekatika. Madereva wa pikipiki wanakataa ya juu, ya kuzunguka, wanasema lami imekuwa sabuni. Mwenzao ameteleza jana, kavunjika. Gari langu lingepita. Nimepata teksi moja, dereva akaogopa akarudia njiani. Mkewe amesema kwenye simu ataosha kidonda mwenyewe kama nilivyomwonyesha. Zahanati ina gari moja, limekwama upande wa pili wa mto.

18 Aprili, Jumamosi

Sijafika tena. Nilikwenda gereji nikamwambia Volti: kuna mgonjwa sijamwona, siku zinakwenda, mfuniko uko wapi? Akawa mweupe usoni kama mtu aliyepungukiwa damu. Akasema, "Wiki ijayo. Nakuahidi wiki ijayo." Nilidhani ananihurumia.

20 Aprili, Jumatatu

Sijafika. Mkewe anasema kuna harufu.

21 Aprili, Jumanne

Nimekwenda kwa miguu barabara ya juu. Nimeondoka alfajiri, nimefika mchana. Redio ilikuwa imezimwa. Hilo tu lilinitosha, kabla hata sijafungua bandeji.

Vidole vitatu vyeusi. Wekundu umepanda hadi kwenye kifundo, na juu ya kifundo pana joto. Ana homa, ananiita kwa jina la dada yake. Wanaume wa mtaa walimbeba juu ya mlango waliouchomoa, wakamvusha kwa mtumbwi wa kuvushia mizigo kwenda hospitali, mimi nimeshika mguu wake usiguse kitu. Mkewe hakulia. Aliniuliza mara moja tu: "Mbona ulituacha?"

Niliendelea kuushika mguu mpaka tukafika ukingoni.

23 Aprili, Alhamisi

Wamekata chini ya goti. Daktari mpasuaji amesema mishipa yake ilikuwa mibaya, huenda ingefika huku hata ningemwona kila siku. Huenda. Nimeshika hilo neno siku nzima, halina joto.

27 Aprili, Jumatatu

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Leo nilikwenda mwenyewe dukani kwa Mama Spea. Nilitaka kumbembeleza aharakishe, hata niongeze kitu. Yeye yuko nyuma ya kaunta yake, kichwa kinaonekana kati ya mikanda ya feni inayoning'inia.

"Mfuniko gani tena, mwanangu? Volti kauchukua zamani."

"Lini?"

"Kabla mto haujapanda. Kitambo. Kaja mwenyewe, kaubeba begani, hata risiti kasahau."

Nikatoka bila kuaga. Nilitembea hadi gereji, sikuona madimbwi. Gari lilikuwa limeshashuka kwenye jeki, liko chini kwa matairi yake, limeoshwa. Yeye alikuwa anafuta kioo. Alipoona uso wangu akaacha.

"Ulikuwa nao," nikasema. "Tarehe kumi na moja ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

"Tarehe kumi na nne? Uliponivalisha koti lako?"

"Nilikuwa nao."

"Kwa nini?"

Hakuwa na mahali pa kuweka mikono. "Kila ulipokuja ulikaa kidogo zaidi. Nilijua ukishalichukua gari hutarudi. Nikasema wiki moja tu. Sikujua kuna mgonjwa usiyemfikia. Siku uliyoniambia nilianza kufunga palepale, sijalala. Lakini gundi ya kuziba haikauki haraka kwenye unyevu huu, na ningekupa betri isiyozibwa ingekuua. Nikawa nimeshachelewa."

"Wiki moja tu," nikasema. "Miaka miwili tu. Wewe huwa unanipimia, mimi nakaa upande wa pili nangoja, sijui nangoja nini. Nani alikupa hiyo kazi? Ungeniambia, 'Usiondoke.' Neno moja. Ningekaa! Gari lingekuwa tayari, mimi ningekaa hapahapa kwenye hili boksi, mgonjwa wangu angekuwa na mguu wake!"

"Najua."

"Hujui. Umenifanya nifurahie mfuniko kutokuja. Nilikuwa nafurahi, unasikia? Mtu anaoza mguu, mimi nafurahi."

Hapo alikaa chini, kwenye zege, kama aliyekatwa waya. Akatoa ufunguo akaninyooshea. Nikauchukua. Nilipowasha, gari lilikuwa kimya na zima kabisa, hakuna taa nyekundu hata moja. Ametengeneza vizuri. Hilo ndilo lililoniliza njiani.

28 Aprili, Jumanne

Wagonjwa saba. Wote nimewafikia.

29 Aprili, Jumatano

Wifi alikuja, nikamweleza yote. Amechukua koti, kalirudisha.

2 Mei, Jumamosi

Nyuma ya mlango pana msumari.

6 Mei, Jumatano

Mkaguzi amelipima gari. Alikuja na buti zilezile. Akalala chini, akapitisha kipimo, akaliendesha kwenye maji ya mtaro mara mbili, akalala tena. "Mama, huyu fundi amezidisha. Ameongeza hata ngao ya mbele, ambayo kiwandani hawaweki." Anaandika ombi la bima kubwa. Ada ya mwaka itapanda kwa sababu ya spea ngeni, hilo haliepukiki. Watu wa ofisini wanaogopa betri kuliko chui. Na kila baada ya muda betri ikaguliwe na fundi anayejua.

"Si yuleyule?" akauliza.

Nikamwambia nitaangalia mwingine.

"Hakuna mwingine, mama," akasema kwa upole.

10 Mei, Jumapili

Nimempelekea Mzee Redio betri mpya za redio wodini. Amezichukua, hajaziweka. Nilikaa naye. Nilimweleza kwa nini sikufika, sehemu yangu yote, hata ile ya kufurahi. Ya Volti sikuisema. Si yangu kuisema. Alinisikiliza akitazama shuka pale linapolala tambarare.

"Wewe ulikuja kwa miguu," akasema. "Mimi nilikuona unaingia. Mengine niache kwanza."

Nimemwacha kwanza.

15 Mei, Ijumaa

Namkumbuka. Nimeosha vyombo, nimemkumbuka. Nimekasirika kwa kumkumbuka, nikamkumbuka huku nimekasirika. Wakati ule yuko ng'ambo nilimtamani mtu asiyekuwepo. Sasa yupo, mtaa wa tatu, naweza kusikia msumeno wa kiwanda cha mbao upepo ukigeuka. Sikujua kwamba umbali mdogo unauma hivi.

21 Mei, Alhamisi

Mzee Redio yuko nyumbani. Nilikwenda kufunga kidonda kipya, kinapona vizuri. Mlangoni nikakuta njia ya zege yenye mteremko, mpya, ya kupitisha kiti cha magurudumu. Nikadhani ni watu wa mtaa.

"Ni yule fundi wako," akasema mkewe. Alikuwa anakunja nguo, anazipiga kila moja kama ina kosa. "Alikuja wodini wiki iliyopita. Akasimama hapo miguuni pa kitanda, akasema, 'Mzee, gari la muuguzi wako lilichelewa kwa sababu yangu. Spea nilikuwa nayo. Nilimchelewesha kwa makusudi, kwa mambo yangu ya moyo.' Hivyohivyo, mbele ya wodi nzima. Watu wakaacha kula."

"Mkasemaje?"

"Mimi nilimfukuza. Kesho yake akaja tena. Nikamfukuza. Siku ya tatu huyu," akaonyesha kwa kidevu, "akasema, 'Mwache akae, nataka kusikiliza habari na yeye ndiye anayejua kuifungua hii redio.' Mimi sijamsamehe, nakwambia wazi. Na sitamsamehe leo wala kesho. Ila alikuja hapa na saruji yake mwenyewe, kanyeshewa siku mbili, hakuomba hata maji. Nimempa kiti."

Mzee Redio kutoka ndani: "Kiti kibovu!"

"Ndicho anachostahili!"

Kisha redio ikapandishwa sauti.

Nilimaliza kufunga bandeji. Mikono yangu ilitulia, ni kazi. Garini nilifunga milango, nikakaa bila kuwasha. Volti hakunitumia mtu aje aniambie. Hakuniandikia. Kama mke wa Mzee Redio asingekuwa na hasira ya kusema, nisingejua kamwe.

24 Mei, Jumapili

Binti yetu kwenye simu: "Baba kaniambia kila kitu. Na kasema usimtetee kwangu."

"Sina mpango wa kumtetea."

"Sawa." Halafu akauliza, "Mama, unamtaka?"

Watoto wa siku hizi. Nikamwambia swali hilo halina heshima. Akasema halina, lakini lina jibu.

27 Mei, Jumatano

Barua ya kampuni: bima kubwa imerudi. Mkaguzi ameongeza chini kwa mkono wake, "Hongera mama." Ningefurahi zaidi ningekuwa na wa kumwonyesha.

30 Mei, Jumamosi

Siku ya tatu bila mvua. Watu wametoa magodoro nje. Udongo umeanza kupasuka pembeni mwa njia, na mtoto wa jirani amepita na viatu vyeupe bila kupigiwa kelele.

Sikuwa na zamu leo. Nilifua, nikaanika, nikakaa. Halafu nikachukua ufunguo. Sikupaka kitu midomoni. Nikapita nyuma ya kiwanda cha mbao, njia ya moja kwa moja, nikaegesha katikati ya uwanja wa gereji mahali ambapo huwezi kusema ulikuwa unapita tu.

Alikuwa kwenye bomba la nje, ananawa mikono hadi viwikoni. Aligeuka, akaliona gari kwanza, na nikaona hofu ya kazi ikimpita usoni.

"Lina nini?"

"Halina kitu."

Akaliangalia matairi. Akaliangalia chini, pale kwenye mfuniko, kana kwamba litamwambia yeye ukweli.

"Betri inashuka haraka?"

"Haishuki."

"Breki?"

"Nzima. Kila kitu kizima."

"Ukaguzi bado siku zake."

"Bado."

Akaniangalia mimi sasa. Niliyapanga maneno njia nzima, mengine makali, na bado ni ya kweli na nitamwambia, yote, yeye akiwa amekaa na mimi nimekaa. Nilimwambia hivyo: kwamba sijasahau, na kwamba kuanzia leo akitaka nikae aniambie nikae, na akitaka kwenda aseme anakwenda, asinipimie tena siku zangu. Akaitikia kwa kichwa kila neno. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Kaa," akasema.

Nikazima gari, nikashuka. Bomba lilikuwa bado linamwaga maji nyuma yake, yanapita kati ya miguu yetu kwenda kwenye mtaro, na hakuna kati yetu aliyeona haraka ya kwenda kulifunga.